Ankara ya Lebo

Ilikuja Jumapili asubuhi,
Hilali anakoroga sufuria la tatu
na mie nahesabu makopo.
Ankara ya lebo elfu nne, za kopo la nusu kilo,
kutoka kwa Kuriakose, mpiga chapa wa Rusail.

Salamu ilikuwa yake: "Dada Shinuna, mguu wa mama unaendeleaje?"
Kosa lilikuwa lake: Barka kaiandika Baraka.
Miaka tisa sijamsahihisha,
nani hukataa baraka?
Bei yake. Kasuku wake wa kijani pembeni.
Chini kabisa, kwa herufi za mchwa:
tumehamia akaunti mpya, tafadhali.

Riali mia saba na arobaini, na baisa mia tano.
Hiyo "tafadhali" ndiyo niliyoilipa.

Jumatano akaja mwenyewe, maboksi nyuma ya gari,
na kikohozi chake cha wino na kiyoyozi.
Akanywa kahawa, akala halwa ikali moto,
akazunguka, akazunguka, kisha kwa haya:
"Na ile ya mwezi uliopita, dada?"

Tukaweka simu mbili juu ya gunia la sukari.
Barua moja. Yeye hajaiandika,
na imetoka sandukuni mwake.
Mtu alikuwa amekaa humo tangu Ramadhani,
kimya, anasoma,
anajifunza mguu wa mama yangu.

"Aliingiaje?" akauliza Hilali, mwiko mkononi.
Kuriakose akatazama viatu.
Neno la siri ni jina la bintiye na mwaka aliozaliwa,
limebandikwa ubavuni mwa mashine
ili fundi wa Ajman, anayeitengeneza kutoka mbali,
asisumbuke kuuliza.
Na fundi ana vijana wake.
Na vijana nao...
Nikamwambia basi, yatosha.

Mie ninayeonja samli ya kila ndoo,
ninayeitia zafarani majini nione inavyotoa rangi,
niliyemrudisha muuza lozi kwa funza mmoja tu,
sikuwahi kumwuliza mpiga chapa
funguo zake anazilaza wapi.

Na lebo zenyewe, mbichi bado, zanuka wino:
IMEFUNGWA SALAMA.
USIPOKEE IKIWA IMEFUNGULIWA.
Amechapa yeye. Nabandika mie.

Nilitaka kumkasirikia. Maneno yalishafika ulimini.
Ndipo nikaiona kompyuta yetu pale kwenye kona,
ile wanayochezea watoto wa Hilali magari,
na neno lake la siri tangu uhai wa baba:
barka, moja, mbili, tatu.
Humo ndani mna hoteli ya Maskati,
mna skuli mbili,
mna yule mama wa Sib anayeoza binti mwezi ujao:
jina, nyumba, simu, siku watakayokuwa wote harusini
na mlango umebaki na paka.

Kwao wao,
Kuriakose ni mie.

Nikapiga benki. Walisema wataangalia.
Bado wanaangalia.
Kisha nikapiga hotelini, nikajitaja,
nikasema: ikija barua yangu ina akaunti mpya, si yangu,
na hata hii msiniamini, nipigieni nyie.
Simu hiyo ndiyo iliyonitoa jasho,
kuliko moto wa halwa.

Kuriakose tulimlipa mara ya pili, kwa mafungu mawili.
Hilali alinuna wiki nzima.

Siku hizi nambari ikibadilika siijibu barua.
Nafungua daftari la mkono, lililoganda sukari kurasani,
napiga simu ya zamani, nangoja.
"Akaunti ni ileile?"
Kwanza kikohozi. Halafu: "Ileile, dada."
Nalipa kwa kile kikohozi.

Barua zetu zimekuwa kavu:
tarehe, idadi, bei, kwisha.
Barka anaiandika sawasawa sasa, na naikosa ile herufi.
Mguu wa mama
tunaulizana kwa mdomo.